Mtoto wa Paka Analia Usiku Kucha: Tusimlaumu Paka, Tuangalie Haraka Zetu



Mahindi yakianza kuingia stoo huku Nyanda za Juu Kusini, maswali ya paka nayapata mengi kuliko ya ng'ombe. Sababu inajulikana. Shamba likishavunwa, panya hawana cha kula kule, wanafuata chakula kilipo. Kila nyumba inatafuta paka. Jirani ambaye paka wake amezaa anaonekana mtu wa maana ghafla. Wiki moja baadaye simu zinaanza: "Bwana mifugo, huyu paka mdogo niliyepewa analia tu. Mchana nyau, usiku nyau, hatulali. Nimfanyeje?"

Huyo anayeuliza nimfanyeje ni afadhali. Wapo wanaonipigia wakiwa wameshafanya: wamemtupa nje kwenye baridi, wamempiga na fagio, au wamemtia kwenye kiroba wakaenda kumwacha njia ya mnadani. Na wapo wanaosema paka akilia usiku ni mkosi, kuna mtu kamtuma.

Leo sitoi maelekezo matupu, natoa maoni yangu, na najua kuna watakaonibishia. Maoni yangu ni haya: watoto wengi wa paka wanaolia bila kukoma majumbani kwetu hawana ukorofi wala mkosi. Tumewatoa kwa mama zao mapema mno, tumewaweka penye baridi, tumewapa chakula kisichowafaa, halafu tunashangaa kelele. Desturi hii haimwumizi paka peke yake, inatula mahindi. Tuiache.

Kwanza tuelewane analia nini

Mtoto wa paka anazaliwa macho yamefumba. Yanafunguka kati ya siku 7 na 14. Wiki nne za mwanzo mwili wake hauwezi kujitunzia joto vizuri, anategemea tumbo la mama na miili ya ndugu zake. Kuanzia wiki ya nne hivi anaonja chakula kigumu, lakini bado ananyonya. Kuacha kunyonya sawasawa ni kwenye wiki ya nane. Yaani miezi miwili.

Sasa angalia tunavyofanya. Mtu anaona katoto kameanza kukimbia jikoni, kana wiki nne au tano, anasema "huyu kashakuwa, nampa fulani". Kanatiwa kwenye kapu, kanapanda bodaboda, usiku kako nyumba ya kigeni, sakafu ya saruji, hakuna mama, hakuna ndugu, hakuna harufu hata moja kanayoijua. Halia kwa kukuudhi. Ule mlio ndiyo njia pekee aliyonayo ya kumwita mama. Kule alikozaliwa alilia mara mbili mama akaja. Kwako analia mara mia mama haji, kwa hiyo anaendelea.

Ongeza hali ya hewa yetu. Juni na Julai, Njombe na Makete umande unaganda kwenye majani. Sisi wenyewe tunalala na mablanketi mawili. Katoto kenye uzito mdogo kuliko nusu kilo kanalala kwenye kona ya stoo. Wewe ungenyamaza?

Utasikia pia hoja kwamba paka akichukuliwa mdogo sana ndiyo anazoea watu. Si lazima umchukue ili akuzoee. Kipindi ambacho paka anazoea binadamu kwa urahisi ni tangu wiki ya pili hadi ya saba, na kipindi hicho anaweza kuwa bado na mama yake. Watoto wa nyumba ile wamshike kidogo kila siku kwa upole, na wewe ukipita umshike. Atakuja kwako amezoea watu na amemaliza kunyonya.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye"

Mzee mmoja alinijibu hivyo nilipomshauri amwekee paka wake kitu cha joto. "Mwache alie, atachoka." Methali hiyo naiheshimu, nimelelewa nayo. Lakini jamani, methali hiyo inamhusu mtoto aliyeshiba, aliyevaa, anayelilia kisu. Haimhusu mtoto mwenye njaa na baridi. Hakuna mama wa Kitanzania anayemwacha kichanga alie njaa kwa kuogopa kumdekeza.

Kwa hiyo utaratibu ninaoutetea ni huu: timiza mahitaji kwanza, methali baadaye. Ameshiba? Ana joto? Ana mahali pa kujisaidia? Hana ugonjwa? Ukijibu ndiyo kwa yote, na bado usiku wa manane analia kwa sababu anataka kupanda kitandani kwako, hapo usiamke kila mara. Ukiamka kila akilia, unamfundisha kwamba kilio kinafungua mlango. Hapo mzee wangu yuko sahihi kabisa. Ila tusianzie mwisho.

Na kuna jambo linalonitia hofu kuliko kelele: kimya. Katoto kaliko na baridi kali na njaa hulia sana, kisha hunyamaza. Mwenye nyumba anasema "afadhali, amezoea". Asubuhi ukimshika ni wa baridi, amelegea, mdomo umepauka. Huyo hajazoea, huyo anakufa. Mtoto wa paka anayelia kwa nguvu bado ana nafasi ya kuokolewa.

"Usimshibishe, hatawinda"

Hii ndiyo imani ninayoipinga kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayozaa kilio kingi. Paka hawindi kwa njaa tu. Kuwinda ni tabia yake. Paka aliyeshiba akisikia panya anakwaruza atanyata vilevile. Mwenye njaa kali hana nguvu ya kuvizia kwa muda mrefu, anaondoka nyumbani kwenda kutafuta kwa majirani, au anageukia vifaranga wako.

Na kuwinda vizuri kunafundishwa. Watoto wakishafika wiki nne, tano, mama huanza kuwaletea panya aliyekufa, baadaye humleta akiwa hai wajaribu wenyewe. Hayo ndiyo masomo tunayoyakatisha tunapomchukua mapema. Unataka paka wa kulinda gunia zako, halafu unamtoa shuleni wiki ya kwanza! Ukitaka mwindaji, tafuta mtoto wa paka ambaye mama yake anajulikana kwa kukamata panya, kisha msubiri amalize masomo.

Hasara ya kukosa paka mzuri si ndogo. Panya mkubwa wa darini anaweza kula gramu 15 hivi za nafaka kwa siku. Panya kumi kwa mwaka ni zaidi ya kilo 50, nusu gunia, na hapo sijahesabu wanachochafua kwa mkojo na kinyesi. Kwa mliohamia kwenye mifuko isiyopitisha hewa, panya akitoboa tundu moja hewa inaingia, na dumuzi, yule mnayemwita skania, anafufuka. Mimba ya panya ni wiki tatu tu. Kwa hiyo wiki tatu nne za kumsubiri mtoto wa paka akue si hasara ukilinganisha na kumzika kisha kuanza upya kutafuta mwingine, na panya wanazaa.

Kama tayari yuko kwako na analia

Kama ana chini ya wiki nane na mama yake yupo, ushauri wangu wa kwanza ni mmoja: mrudishe. Usione aibu. Akirudishwa baada ya siku chache, mara nyingi mama humpokea. Mwambie jirani, "Nitamfuata baada ya wiki tatu." Mama kama hayupo, ulizia paka mwingine anayenyonyesha hapo mtaani, wengi wanakubali mtoto wa kambo.

Kama haiwezekani, fanya hivi:

1. Joto kabla ya chakula. Chukua boksi, weka kitambaa kizito. Jaza maji ya moto kwenye chupa ya plastiki, yasiwe ya kuchemka, funga vizuri, izungushie kanga kuukuu, iweke upande mmoja wa boksi ili akisikia joto limezidi asogee. Usimlishe akiwa wa baridi, tumbo haliwezi kufanya kazi. Ukiweza, omba kitambaa alichokuwa akilalia kwa mama yake. Harufu hiyo inamtuliza kuliko maneno.

2. Chumba kimoja. Usimwachie nyumba nzima siku ya kwanza. Nyumba kubwa inamchanganya, anazunguka akilia. Mweke chumba kimoja chenye boksi lake, maji na bakuli, kwa siku kadhaa. Akianza kula na kulala bila hofu, mfungulie kidogo kidogo.

3. Chakula kidogo mara nyingi. Tumbo lake ni dogo, mara nne au tano kwa siku. Dagaa wachemshwe bila chumvi, wapondwe na maji yao mpaka walainike. Kama ni dagaa wa chumvi, walowekwe na kuoshwa kwanza. Kiini cha yai lililochemshwa kinafaa, nyama laini au maini kidogo pia. Ugali unaweza kuchanganya ili ujaze, lakini ugali peke yake haumlei paka. Paka ni mla nyama. Kuna kirutubisho kinaitwa taurini, kipo kwenye nyama na samaki, akikikosa muda mrefu macho na moyo vinaharibika.

4. Maziwa ya ng'ombe hapana. Najua nagusa pabaya, kila mtu anajua paka na maziwa. Lakini paka wengi hawawezi kusaga sukari iliyo kwenye maziwa ya ng'ombe. Wanaharisha, wanapungukiwa maji mwilini, na mtoto anayeharisha analia zaidi. Mpe maji safi.

5. Mchuzi wenye vitunguu hapana. Kitunguu maji na kitunguu saumu vinaharibu damu ya paka. Mabaki ya mchuzi wa nyumbani karibu yote yana kitunguu, kwa hiyo mtengee chake kabla hujaunga.

6. Mahali pa kujisaidia. Weka mchanga kwenye beseni la zamani, mbali na chakula. Mtoa kinyesi anawe mikono kwa sabuni. Mama mjamzito asiifanye kazi hiyo, maana kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vimelea vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni.

7. Mchoshe jioni. Paka kwa asili wanachangamka giza linapoingia na alfajiri. Wape watoto kamba yenye kipande cha gunzi, wamkimbizishe nusu saa, kisha mpe mlo wa mwisho mkiwa mnaenda kulala. Atalala. Ukimwacha alale mchana kutwa, usiku ni zamu yako kukesha.

Wengi wakifuata haya kilio kinapungua ndani ya siku chache. Wewe usiku usimpige wala kumpigia kelele. Paka hajui kwamba kipigo kinahusiana na mlio, anachojua ni kwamba wewe unatisha. Paka anayekuogopa hakai kwako.

Kilio kingine ni cha hospitali

Si kila kilio ni upweke. Tumbo limevimba na manyoya hayana nuru, fikiria minyoo. Anajikuna, na ufizi ni mweupe, ni viroboto, na viroboto wengi wanaweza kummaliza damu mtoto mdogo. Anachuchumaa kukojoa, analia, hakitoki kitu, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, hasa kwa dume. Jike aliyefika miezi mitano sita akaanza kulia kwa sauti nzito na kujigaragaza, huyo haumwi, anataka dume. Zungumza na mtaalamu kuhusu kumfunga kizazi, la sivyo baada ya siku 65 hivi utakuwa na boksi la watoto wengine wanaolia.

Na paka wa umri wowote akibadilika sauti ghafla, akatokwa na udenda, akawa mkali bila sababu, usimshike. Kichaa cha mbwa kinampata paka pia. Akikuuma au kukukwaruza, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda kituo cha afya ukaulizie chanjo, na sisi wa mifugo tujulishe. Paka wako achanjwe akifika miezi mitatu. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, na sehemu nyingi kampeni za chanjo hufanyika karibu na siku hiyo. Peleka na paka, usipeleke mbwa peke yake.

Sasa hili la dawa nalisema kwa herufi nzito moyoni. Usimpake mtoto wa paka dawa ya kuogeshea ng'ombe, wala vumbi la kuhifadhia mahindi, eti umtoe viroboto. Mengi kati ya hayo yana dawa za jamii ya permethrini, ambazo ng'ombe na mbwa wanazivumilia lakini paka zinamuua. Atatetemeka, atalia, atakakamaa. Akiwa ana viroboto, tumia kitana chenye meno ya karibu na maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, kisha mkaushe vizuri. Paracetamol nayo usimpe hata kipande. Kwa paka ni sumu. Dawa ya minyoo nayo pimiwa na mtaalamu kulingana na uzito wake, usikadirie kwa kijiko cha mbuzi.

Na usiweke sumu ya panya ukiwa na paka. Chagua moja. Panya aliyekula sumu anatembea kwa kulegea, ndiye rahisi kukamatwa, na paka akimla sumu inamfuata. Watu wanasema "paka wetu amerogwa" kumbe amekula panya wa sumu.

Mnaosema ni gharama

Hoja ninayoiheshimu kuliko zote ni ya mama mmoja aliyeniambia, "Wanangu wenyewe nyama wanaiona kwa wiki mara moja, leo nimchemshie paka?" Ni hoja ya kweli, siwezi kuicheka. Ila mtoto wa paka hali kilo. Anakula vijiko vichache vya dagaa kwa siku, vichwa na utumbo wa samaki, shingo ya kuku iliyochemshwa ambayo mifupa imetolewa. Tena ni kwa miezi michache tu. Akishakuwa mkubwa sehemu ya mlo wake atajitafutia, na huo mlo ndio wezi wako wa mahindi. Ng'ombe tunamnunulia pumba kabla hajatoa maziwa, kuku wa mayai tunamlisha miezi kabla hajataga. Kwa nini paka peke yake tunataka atoe faida kabla hatujaweka kitu?

Wala sisemi paka atamaliza panya wote. Fagia stoo, inua magunia juu ya chaga, ziba matundu, vihenge vya miguu viwekewe bati la kuzuia panya asipande. Paka ni askari, hawezi kulinda ghala lisilo na mlango.

Ninachopendekeza

Tukubaliane vitongojini mwetu mambo matatu.

La kwanza, mtoto wa paka asitoke kwa mama kabla ya miezi miwili. Mwenye paka akatae, hata kama anayeomba ni shemeji yake. Najua mara nyingi mwenye paka ndiye mwenye haraka, maana jikoni kumejaa. Basi anayehitaji aweke ahadi mapema na achangie dagaa za kumlisha mama anayenyonyesha. Hapo wote wawili wana sababu ya kusubiri.

La pili, ukiweza chukua wawili, wa tumbo moja. Wanapashana joto, wanacheza, wanafundishana kuvizia, na kelele zinapungua kuliko kwa mmoja aliye peke yake. Ila panga mapema kuwahasi.

La tatu, anayechukua awe ameandaa boksi na chakula kabla hajampakia kwenye kapu. Asiyeweza kuandaa boksi hayuko tayari kuwa na paka.

Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa. Maana yake ni kwamba ukishamwingiza ndani ni wa kwenu, humfukuzi kwa sababu anasumbua. Kwa hiyo kabla hujampokea jiulize kama uko tayari, na ukishampokea mtunze. Anayelia leo kwa njaa na baridi, ukimtendea haki, Novemba utamkuta amelala juu ya magunia na mahindi yako yametimia.

Kwa leo niishie hapo. Mwenye swali la paka wake amfuate afisa mifugo wa kata yake na aende na paka mwenyewe, maana kwa simu hatuoni ufizi wala tumbo. Nawatakia mavuno mema.